Aliyekuja kwa kikohozi, mwulize na kadi ya kliniki

Wenzangu mnaoanza kazi zahanati na vituo vya afya, mtaikuta kinga imetengewa chumba chake: kliniki ya mama na mtoto. Matokeo yake, aliyepangwa chumba cha matibabu huona haimhusu. Msifuate mkumbo huo.

Mama analeta mtoto wa miezi 10, anakohoa, kamasi zinamtoka. Unamwandikia dawa, anaondoka. Kadi umeiomba? Ungeifungua, pengine ungekuta chanjo ya surua-rubella ya miezi 9 hajachomwa. Mafua au kikohozi chepesi si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Apewe siku hiyohiyo. Ukimwambia arudi Alhamisi, kumbuka amelipa bodaboda na amefunga genge lake ili aje. Mtoto akishapona, hiyo Alhamisi itapita.

Linaloniuma zaidi ni suala la kichupa. Chanjo hii huja ikiwa unga, mara nyingi dozi 10 kwa kichupa, na ikishachanganywa hutupwa zikipita saa 6 tangu ilipochanganywa. Basi muuguzi akiona wamekuja watoto wawili tu, anawarudisha nyumbani ili asipoteze dozi nane. Jamani, fungueni! Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na upotevu huo hukadiriwa tangu wakati wa kuagiza. Virusi vya surua huweza kubaki hewani chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Mtoto uliyemrudisha bila chanjo anaweza kuvipata kwenye benchi lako mwenyewe la kusubiria. Andika saa ya kuchanganya juu ya kichupa, kitunze kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, muda ukiisha kitupe, jaza leja.

Kwa watu wazima, anzeni na presha. Usisubiri mtu alalamike kichwa, maana wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote. Akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi bila shati, usawa wa moyo. Nimeona watu wakipimwa wakiwa wamesimama dirishani, mkanda wa mashine juu ya sweta, halafu namba ile inaandikwa kwenye faili kana kwamba ni kweli. Ukipata 140/90 au zaidi, rudia, kisha mpangie siku nyingine. Ikiwa juu mno, hiyo ni dharura, mwite daktari.

Mjamzito anayepewa vidonge vya SP (sulfadoxine-pyrimethamine) vya kuzuia malaria avimeze mbele yako. Hakikisha maji safi na kikombe vipo.

Na lugha zetu, tafadhali. Mama aliyechelewa na kadi yake imelowa mvua akigombezwa mbele ya foleni, mtoto anayefuata hutamwona kabisa. Msalimie, mshukuru kwa kuja, mpe kadi mpya, kisha uliza kwa upole kilichomkwamisha.

Kila mwisho wa wiki pitieni rejista, mtoe majina ya watoto waliopitiliza tarehe, mumpe mhudumu wa afya ya jamii awafuate majumbani. Kwa hiyo wakati wa kuandikisha, msitosheke na namba ya simu, laini hubadilishwa. Andikeni kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi, na nyumba iko karibu na nini.