Jibu: Kwa nini mazoezi ya Januari hayafiki Machi

Ndugu, umeuliza kwa nini kila Januari unaanza mazoezi kwa kasi kisha Februari unaacha, na kama kupunguza kilo 15 kufikia Juni ni lengo zuri. Kwa maoni yangu tatizo si uvivu, ni lengo lenyewe. Kilo huziamrishi. Hupanda na kushuka hata kwa sababu ya maji tu mwilini, na siku mizani ikigoma, moyo unavunjika. Andika lengo la kitendo: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishapiga mswaki asubuhi, natembea haraka dakika 20." Jioni unajua wazi kama umetimiza au la.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Usianzie huko! Ongeza kidogo kidogo, magoti yazoee. (Kama una presha au kisukari, muone daktari kwanza.)

Na hili nalisisitiza: ukikosa siku moja, usijiadhibu kwa kufanya mara mbili kesho yake. Watafiti wa London waliofuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya waliona ilichukua wastani wa siku 66, wengine 18 tu, wengine zaidi sana, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo Februari ukiona bado unajilazimisha, ni kawaida kabisa. Tuandikie siku ulizochagua tuziangalie pamoja.