Kabla Hujafuta Msimbo wa Zamani wa Hali ya Faili

Juma lililopita kijana mmoja wa Malindi, ambaye amekwisha kunitumia michango mizuri kwa ajili ya maktaba yangu ndogo ya C ya kulinganisha na kunakili saraka, aliniandikia hivi: “Assalamu alaykum kaka. Hili faili la utangamano lina mistari mingi kuliko kazi yenyewe. Nani siku hizi ana mashine ya biti 32? Tulifute tupumue.” Faili hilo ndilo linaloiwezesha maktaba kuuliza hali ya faili, yaani ukubwa na tarehe zake, kwenye mifumo mipya na ya zamani. Nilimjibu kwa ufupi kwamba halifutwi. Jibu refu naliandika hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnatamani kumiliki maktaba ambayo watu watairuhusu iguse mafaili yao bila wasiwasi.

Mashine ya biti 32 anayo jirani yangu wa Langoni anayepiga picha za video za harusi. Ni kisanduku kidogo chenye diski kuu, na ndani yake mna kumbukumbu za Maulidi ya Lamu, zikiwemo rekodi ndefu za Msikiti wa Riyadha za kila Mfunguo Sita. Rekodi moja hupita GB 2 kwa urahisi. Programu ikiuliza hali ya faili kama hilo kwa stat ya kawaida (wito wa C unaorudisha habari za faili), yenye sehemu ya ukubwa ya biti 32, idadi kubwa inayoweza kuandikwa ni baiti 2,147,483,647. Zaidi ya hapo stat hukataa na kurudisha kosa la EOVERFLOW. Programu aliyokuwa akiitumia kabla ya yangu ililiruka faili lenye kosa hilo bila kusema neno, kisha ikaandika “kazi imekamilika”. Alikuwa na nakala za akiba zisizo na Maulidi hata moja, na hakujua.

Dawa yake inajulikana: kujenga kila kitu kwa _FILE_OFFSET_BITS=64, mpangilio unaoifanya sehemu ya ukubwa iwe ya biti 64. Lakini hapo ndipo mwenye maktaba anapotofautiana na mwenye programu. Mimi nikijenga maktaba yangu kwa mpangilio huo, na mtumiaji akajenga programu yake bila huo, sote wawili tutaandika “struct stat”, yaani muundo ambamo stat huweka majibu yake, kompaila itaridhika, ilhali muundo wake una mpangilio tofauti kwenye kumbukumbu. Atasoma ukubwa wa faili na kupata tarakimu za kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeweza kuurudia mpaka jua lichwe, ni kwamba muundo wa mfumo usionekane kabisa katika heda (faili la matangazo ya maktaba) unayowapa watu. Tengeneza muundo wako, ukubwa uwe int64_t (namba kamili ya biti 64), sekunde ziwe int64_t, nanosekunde ziwe peke yake, na tafsiri yote ifanyike ndani ya faili moja. Humo ndimo utakamoficha pia kwamba wakati wa kubadilishwa kwa faili macOS huuita st_mtimespec pale Linux inapouita st_mtim.

Glibc, maktaba ya C inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, nayo ina yake. Kabla ya toleo la 2.33, lililotoka Februari 2021, stat haikuwa alama halisi (jina ambalo programu huunganishwa nalo) ndani ya maktaba hiyo. Programu iliunganishwa na __xstat, ikipeleka na namba ya toleo la muundo. Tangu 2.33 stat imekuwa alama kamili. Matokeo yake, programu iliyojengwa kwenye kompyuta mpya hukataa kuanza kwenye mashine ya zamani, ikilalamika kwamba GLIBC_2.33 haipo. Jenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayoihudumia, basi.

Sasa nije kwenye statx, ndugu mpya wa stat, ambayo iliingia katika kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 4.11 mwaka 2017. Ni wito mzuri, kwani unatoa hata tarehe ya kuzaliwa kwa faili pale mfumo wa mafaili unapoitunza. Miaka kadhaa nyuma mchangiaji mmoja, ambaye simtaji, aliliita faili langu la utangamano “takataka za kale”, akachukua nakala ya maktaba, akafuta njia zote isipokuwa statx, na akapongezwa sana kwa usafi wake. Kisha watu wakaiendesha ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) zenye kichujio cha usalama cha zamani kisichoijua statx. Kichujio hakikujibu ENOSYS, yaani wito haupo. Kilijibu EPERM, yaani huna ruhusa. Kila faili likaonekana limefungwa. Malalamiko yalikuja kwangu, kwa sababu majina ya maktaba zetu yanafanana, na nikayajibu moja baada ya jingine. Hakuna aliyeniomba radhi, na sikutegemea, ingawa neno lile “takataka” bado nalikumbuka.

Njia yangu ilistahimili kwa sababu haiamini jibu la kwanza. Statx ikishindwa mara ya kwanza, ninaiita tena kwa makusudi nikiipa anwani tupu. Ikirudisha EFAULT, yaani anwani mbaya, wito umeifikia kerneli, kwa hiyo kosa la awali ni la kweli na ninalipeleka kwa mtumiaji. Ikirudisha jingine lolote, ninarudi kwa fstatat, wito wa zamani wa kazi hiyo hiyo. Ni mistari michache tu, na ni sawa na kalafati ya jahazi: abiria haioni.

Vijana, kufuta kunasifiwa kwa sababu kunaonekana. Anayefuta mistari elfu anaitwa hodari siku hiyo hiyo, na anayeitunza anaitwa mzito wa kubadilika. Mzoee kuitwa wazito. Kabla hujagusa tawi lolote la #ifdef (msimbo unaojengwa kwa mifumo fulani tu), uliza liliwekwa kwa ajili ya nani, na kama halisemi, kosa ni la aliyeliandika bila maelezo, wala si ruhusa ya kulikata. Yangu yote yana maelezo juu yake: mfumo gani, toleo gani, na jaribio gani linaloligusa.

Majaribio hayahitaji mashine ya kale. Jenga kwa -m32, yaani kwa biti 32, kwenye kompyuta yako ya kawaida, kisha kwa amri ya truncate tengeneza faili tupu la GB 3, ambalo halitakula diski, na kwa touch lipe jingine tarehe ya mwaka 2040. La pili ni muhimu kwa sababu time_t, yaani hesabu ya sekunde, ya biti 32 inafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Tangu glibc 2.34 ipo _TIME_BITS=64 kwa ajili hiyo, lakini haikubali kuwekwa bila _FILE_OFFSET_BITS=64. Jaribio likipita hata tawi likiwa limezimwa, na hakuna mfumo unaohudumiwa unaolihitaji, hapo ninalifuta mwenyewe. Mwezi huu ninaliondoa la kompaila moja ya zamani ambayo mtumiaji wake wa mwisho amekwisha kuhama.