Boksi lina ndani, mraba hauna

Msomaji wa Lindi kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimeona kwenye simu picha za maonesho ya mchoraji mmoja, anachora miji kwa maumbo matupu, hamna mtu wala gari. Nikazirusha kwenye grupu letu la chuo nikaandika 'abstrakti ya maboksi', watu wakaanza kubishana. Kiswahili chake kipi? Na ni maonesho au maonyesho?"

Marahaba binti yangu. Hilo la mwisho nalimaliza haraka, yote mawili yanaandikwa, pale viwanja vya Ngongo hapo kwenu Lindi kila Nanenane ni maonesho, basi shika hilohilo usichanganye kwenye ukurasa mmoja. Abstrakti ni dhahania, neno unalo tangu shuleni ulipofundishwa nomino dhahania, kwa hiyo ni mchoro dhahania. Na picha ya mji ulivyokaa na majengo yake na barabara zake ni mandhari ya mji. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni hayo maboksi. Siku hizi kila chenye pembe nne ni boksi, dirisha boksi, kiwanja boksi, swali la mtihani "chagua jibu uweke kwenye boksi", na sasa mpaka sanaa ya watu imekuwa boksi! Boksi ni chombo jamani. Lina ndani, unatia kitu unafunga, unalibeba begani. Boksi la maji, boksi la sabuni, sawa kabisa, sikatai neno la mkopo. Lakini umbo lililolala kwenye karatasi halina ndani, utatia nini humo?

Majina yapo tena mazuri. Pande zote nne sawa na pembe zote sawa, huo ni mraba. Neno la Kiarabu, ukoo mmoja na robo na arobaini, wote wanatoka kwenye nne. Mbili ndefu mbili fupi, huo mstatili. Kama hujapima na hujui pande zikoje, sema pembenne basi, hamna atakayekuuliza.

Chukua kanga. Ni mstatili, urefu kama mita moja na nusu na upana mita moja na kidogo, kila mwanamke wa Lindi na Mtwara anajua hilo mkononi hata kama shuleni hakulisikia, manake akijifunga kwa upande mfupi haimfiki. Pindo linazunguka pande zote, jina linakaa chini, na ile sehemu ya katikati inaitwaje? Inaitwa mji! Yaani sisi mji ndani ya mstatili tunautembeza kiunoni kila siku, halafu tukiona mchoraji kaweka mji wake ndani ya mistatili tunakosa neno tunakimbilia boksi. Na kwenye bao la kete, lile la mashimo 32, kila mchezaji ana shimo moja ambalo mara nyingi huchongwa pembe nne wakati mengine ni ya mviringo, nalo linaitwa nyumba. Inaniuma kweli.

Na sio suala la urembo wa lugha tu. Mwaka juzi kijana niliyemtuma kwa fundi wa magrili alimwambia "dirisha ni boksi la futi nne". Fundi kachomelea mraba, nne kwa nne, wakati tundu la ukutani ni nne kwa tano, mstatili. Grili likakaa uani mpaka limeshika kutu na hela yangu ndo imeenda. Angesema mstatili, fundi angeuliza upande wa pili futi ngapi.

Turudi kwa wachoraji. Piet Mondrian, Mholanzi, alihamia New York mwaka 1940, na kati ya 1942 na 1943 akauchora mji ule kwa mistari ya njano iliyokatwakatwa na vimraba vyekundu, vya bluu na vya kijivu, hamna ghorofa hata moja lakini ukiitazama picha unaona mitaa inakatizana na taa zinawaka. Ile miraba ndo mji wenyewe. Ukisema maboksi umemfanya mtu wa bohari. Hata wachongaji wetu wa Kimakonde walipoanza kuchonga maumbo yasiyo mtu wala mnyama, mtindo ule ukaitwa mawingu, neno zuri linaloonesha mtu katazama kwanza.

Kwa hiyo binti, futa ulichoandika, weka: "Michoro dhahania, mandhari ya miji kwa miraba na mistatili." Na ile picha ya tatu uliyonitumia, yenye paa jekundu, wenzio wanaobishana waambie lile umbo la katikati sio mraba, nimelipima kwa rula, ni mstatili.