Maswali ya Wasomaji: Je, Serikali Itanilipa Nikiutunza Mteremko Wangu?

SWALI: Assalaam alaykum. Tuna shamba la eka tatu huku Mtambwe, Pemba, tuliloachiwa na marehemu baba. Juu kuna mikarafuu, katikati nalima muhogo, na chini ni bonde la mpunga wanalolima jirani zangu. Kila masika maji hushuka na udongo, na msimu uliopita jirani mmoja alinionesha miche yake ilivyofukiwa. Mwanangu amesoma kwamba nchi nyengine serikali humlipa mkulima anayehifadhi ardhi. Nataka kuchimba makinga maji na kupanda miti, lakini kazi hiyo itakula siku nyingi. Je, kwetu malipo hayo yapo, na ningoje kwanza nijue nitapata nini?
Mkulima, Mtambwe

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Alichokisoma mwanao ni kweli. Marekani, kwa sheria yake ya kilimo ya mwaka 1985, ilianzisha mpango ambao mkulima mwenye ardhi inayomomonyoka hutia saini mkataba wa miaka 10 hadi 15, akaacha kuilima ardhi hiyo na kuiotesha majani au miti, na serikali ikamlipa kila mwaka kama kwamba imeikodi, pamoja na kumchangia gharama za kupanda. China, tangu mwaka 1999, imewapa wakulima wa vilimani nafaka, fedha na miche ili waache kulima miteremko mikali. Costa Rica nayo huwalipa wenye misitu tangu mwaka 1997, na sehemu ya fedha hizo imetokana na kodi ya mafuta ya magari. Lakini mwambie mwanao asome na masharti: fedha hufuata mkataba, mkataba huwa na jina la mtu na mipaka ya ardhi yake, na mkaguzi huja kuona kwa macho kazi iliyofanyika.

Kwetu Zanzibar, motisha ya uhifadhi imepitia zaidi kwa jamii kuliko kwa mkulima mmoja mmoja. Sheria ya misitu Namba 10 ya mwaka 1996 inairuhusu jamii kuingia makubaliano na Serikali ya kuusimamia msitu wake. Vijiji vinavyoizunguka hifadhi ya Jozani, kule Unguja, hupata sehemu ya fedha za viingilio vya wageni, na katika mgao huo wamo wakulima ambao kima punju hushinda mashambani mwao wakila mazao. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili), uliogharamiwa na Norway na kuendeshwa na shirika la CARE pamoja na idara ya misitu, ambao uliziandaa shehia za Unguja na Pemba kulipwa kwa kuhifadhi hewa ukaa iliyomo misituni, yaani kaboni ambayo miti huivuta kutoka hewani na kuiweka. Shehia nyingi zilipata makubaliano ya kusimamia misitu yao, lakini mapato ya kuuza hewa ukaa waliyoahidiwa watu hayakuja kama walivyotarajia, na wapo walioacha kukata kuni na kuchoma mkaa kwa sababu ya ahadi hiyo. Kwa hiyo sikushauri uweke jembe chini ukingoja malipo.

Liko jambo jengine ambalo ni lazima ulitengeneze hata kabla ya kuuliza habari za fedha. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ni ardhi ya Serikali ambayo mkulima amepewa haki ya kuitumia, na kwa mazoea yetu mtu aweza kumiliki mikarafuu iliyosimama juu ya ardhi isiyokuwa yake. Umesema "tuliloachiwa", maana yake mko warithi kadhaa. Likija fungu kesho, atatia saini nani: anayelima, mwenye miti, au dada aliyeolewa Unguja? Kaeni, mkubaliane kwa maandishi, na sheha ashuhudie.

Maoni yangu, nayo nayasema kwa uzito wote, ni kwamba Serikali ingeanza na watu wa miteremko kama wewe. Siku utakazotumia kuchimba zitamnufaisha sana mlimaji wa bondeni, naye mpunga wake ukistawi hakuna soko litakalokurejeshea wewe hata senti. Pengo hilo ndilo linalostahili kuzibwa kwa fedha za umma, na kwa kisiwa cha vilima na mabonde kama Pemba haja yake ni kubwa.

Ama kazi yenyewe, anza. Funga miti miwili iliyo sawa kwa urefu, na wa tatu uupitishe katikati, ifanye umbo la herufi A, na kutoka kileleni ning'iniza jiwe kwa kamba. Isimamishe, tia alama pale kamba inapogusa mti wa kati, igeuze miguu ibadilishane nafasi, utie alama ya pili. Baina ya alama mbili hizo ndipo penye usawa. Tembea nayo ukipiga vigingi kukata mteremko, kisha chimba mtaro na udongo uutupe upande wa juu, njia ambayo wakulima wa Machakos, Kenya, wameitumia sana na huitwa fanya juu. Juu ya tuta panda mchaichai au mabingobingo. Kabla ya kuchimba, piga picha za shamba lilivyo na uandike tarehe, na umwite bwana shamba aone, kwa kuwa wanaolipia uhifadhi hutaka ushahidi wa hali ya mwanzo.

Anzia juu, chini ya mikarafuu, kabla maji hayajakusanya nguvu. Na jirani aliyekuonesha miche iliyofukiwa, mwombe akupe siku mbili za jembe kabla ya masika.