iPhone 14 na Apple Intelligence
Ndugu, umeuliza kama iPhone 14 yako inapata yote yaliyotangazwa katika mkutano wa Apple wa watengenezaji wa programu wa Juni 10, 2024. Mfumo wa iOS 18 unaupata, kwa kuwa unakubali hata iPhone XR ya mwaka 2018. Apple Intelligence, yaani huduma za akili mnemba za kuandika na kufupisha taarifa, huipati, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya simu yenyewe na huhitaji RAM kubwa, yaani kumbukumbu ya muda ambayo simu hutumia inapofanya kazi: iPhone 15 Pro, inayoipata huduma hiyo, ina GB 8, yako ina GB 6. Hata iPhone 15 ya kawaida, iliyokuwa haijatimiza mwaka sokoni, iliachwa, jambo ambalo naona halikuwatendea haki wanunuzi wake.