Mwanangu kampiga kulungu kwa bunduki, tumemkuta asubuhi amekufa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Wisconsin, Marekani. Mke wangu amerithi shamba lenye msitu kwa wazazi wake. Kila Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa, huingia humo na mwanangu wa miaka 12. Safari hii alimpiga mmoja jioni, akakimbia. Giza likatuzuia, tukamkuta asubuhi amekufa. Tumle? Na mawindo ya mtoto yanasihi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Mawindo ya mwanao yanasihi. Mtoto aliyefikia kupambanua mambo, kuchinja kwake kunafaa, na kuwinda vilevile. Risasi nayo haina tatizo kwa wanazuoni wengi wa zama hizi, kwa kuwa inapenya na kutoboa kama mshale. Kilichoharamishwa ni mnyama aliyeuawa kwa kishindo cha kitu kizito kisichojeruhi. Asome Bismillahi pale anapofyatua, si anapoijaza bunduki nyumbani. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, kuitaja ni sunna, lakini maimamu wengine wameiwajibisha, basi mzoeshe asiiache.

Ama huyo aliyelala msituni, Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Adiy bin Hatim kwamba ukimkuta mnyama baada ya siku moja au mbili, naye hana alama ila ya mshale wako, mle, na akiwa ameangukia majini, usimle. Wapo katika madhehebu yetu waliomkataza mnyama aliyepotea machoni, lakini Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu haya, aliona dalili ya kuruhusu ina nguvu zaidi, na ndilo ninalolishika. Kwa hiyo mkagueni. Mkiona tundu la risasi ya kijana peke yake, na nyama haijaoza, kuleni. Mkimkuta kafia kijitoni, au ana jeraha jingine msilolijua, mwacheni.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliogopea zaidi, kwa sababu wawindaji wengi hulikosea. Kulungu akipigwa akaanguka, hawezi tena kukimbia lakini bado anahema, huyo si windo tena. Ameshakuwa mikononi mwenu, na hukumu yake ni ya mbuzi wa nyumbani: akatwe koo la pumzi na la chakula. Mkimmalizia kwa risasi ya pili huku mngeweza kumchinja, ni mzoga, haliwi. Basi kisu kikali kiwe kiunoni mwako, nawe utangulie kumkaribia, maana kwato za kulungu aliyejeruhiwa humuumiza mtu vibaya. Mkifika mkakuta roho imeshatoka, yatosha ile risasi ya kwanza.

Mwanao apende msitu na apende kuwa na babake, hilo ni jema. Ila sahaba Ibn Umar alipita kwa vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga, akawaambia kuwa Mtume amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo mfundishe kutofyatua mpaka awe na hakika ya shabaha yake, na akishafyatua asirudi nyumbani kabla hamjaifuata damu kadiri muwezavyo, hata kwa tochi. Mnyama aliyejeruhiwa akatelekezwa ni dhima juu yenu nyote wawili.

Shamba kuwa lenu hakuwaondolei sheria ya nchi. Wisconsin mwenye ardhi naye hukata leseni ya kulungu, na kuishi kwenu nchini humo ni ahadi ya kufuata sheria zake, na Muislamu hutimiza ahadi. Tena, tangu mwaka 2002 jimbo hilo lina kulungu wenye maradhi ya ubongo yanayowakondesha hadi kufa, na madaktari wanashauri aliyegunduliwa nayo asiliwe. Pelekeni sampuli ikapimwe, nyama ikae kwenye friza mpaka majibu yatoke. Majibu yakiwa mabaya, msimle wala msimgawie jirani, kwani Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana.

Wallahu a'lam.