Je, Mpentekoste anaweza kuingia katedrali yetu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nitavuka ziwa kutoka Goma kuja harusi ya binamu yangu huko Bukavu. Natamani kuiona Katedrali ya Notre-Dame de la Paix, lakini mimi nasali kwa Wapentekoste. Sitafukuzwa? Na picha, naruhusiwa kupiga?
Msomaji wa Goma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nani akufukuze? Hakuna tiketi mlangoni. Maji ya baraka si lazima uyaguse. Ukiona taa nyekundu inawaka karibu na tabernakulo, kile kisanduku cha kutunzia mkate uliowekwa wakfu, shusha sauti, maana kwa imani yetu Yesu yupo pale katika Ekaristi. Altareni usipande. Masharti ndiyo hayo tu.

Jumamosi usije. Maharusi hufuatana, kila mmoja na wapiga picha wake, mgeni unabaki kusukumwa ukutani. Njoo siku ya kazi asubuhi, misa ikishatoka.

Wageni wengi hutazama juu, wakashiba jengo, wakaondoka. Wewe nenda kwenye makaburi ya maaskofu wakuu, palepale kiwanjani. Yupo Munzihirwa, Mjesuiti, aliyepewa jimbo hili 1994, mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walipotujaa. Aliwatetea wakimbizi na wenyeji pia, na wenye bunduki aliwakemea bila kujali ni wa nani. Vita vilipoingia mjini, tarehe 29 Oktoba 1996, wakamuua pale Nyawera. Maiti ikalala njiani hadi kesho yake. Sisi tuliokuwa tumejifungia ndani hatujapasahau.

Karibu naye amelala Kataliko, askofu mkuu aliyemfuata, Mnande wa Butembo. Barua yake ya Noeli ya 1999 iliwachoma waliokuwa wakitawala mji. Februari 2000 wakamzuia asirudi Bukavu, akakaa uhamishoni kwao Butembo. Septemba akarudi, na kabla hatujamfurahia vizuri, Oktoba akafia Italia. Mimi maua yangu huanzia kwake, kwa sababu Munzihirwa ana wageni wengi.

Picha? Muulize msakristi, yule anayetunza vifaa vya kanisa. Kanisa likiwa tupu sioni kwa nini akatae. Ila mama anayesali rozari makaburini usimpige picha, hata kama kitenge chake kimependeza.

Bandarini mwambie mwenye pikipiki “Cathédrale”, inatosha. Bei mpatane kabla hujakaa: wakisikia Kiswahili cha Goma wanaongeza.